Sauti ya mazabodi kwenye Hackintosh, mpaka tundu la bluu likubali

Watu wengi wakishaibutisha macOS, mfumo wa Apple, kwenye kompyuta waliyoiunga wenyewe, yaani Hackintosh, wanakuta kila kitu kiko poa, intaneti inashika, picha safi, wakifungua mipangilio ya sauti sasa, upande wa kutoa hamna kifaa hata kimoja na kile kialama cha spika kimefifia. Hapo ndo mtu anaanza kutafuta "draiva ya sauti" kila kona ya mtandao. Mimi leo nataka niseme kitu kimoja na nikiseme mapema: draiva unayo tayari. Kinachokosekana ni ramani. Ukilielewa hilo kazi inakuwa nyepesi sana, na usipolielewa utabadilisha mafaili mpaka asubuhi bila kujua unatafuta nini.

Kwa nini nimeng'ang'ana na sauti ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, wakati kuna vile viadapta vya USB vya bei chee? Mzee wangu aliacha kanda. Za harusi, za maulidi, nyingine wazee wamekaa barazani Tanga wanapiga stori tu huku redio kaseti imewashwa katikati yao. Kanda haikai milele, sumaku inachoka na utepe unashikana, kwa hiyo nataka kuziingiza zote kwenye kompyuta kabla hazijafa. Na deki ya kaseti inatoa sauti kwa laini, nyekundu na nyeupe, stereo, ambayo pa kuchomeka ni lile tundu la bluu nyuma ya desktopu. Viadapta vingi vya bei chee vina tundu la maiki tu, na la mono. Kwahiyo sauti kutoka haikunitosha, nilitaka na sauti kuingia, na kwenye Hackintosh hiyo ya kuingia ndo ngumu zaidi, watu wengi wakisikia mlio kwenye spika wanafunga kesi hapohapo.

Mashine yenyewe ni ya kawaida, Core i5-8400, mazabodi ya chipuseti B360, kadi ya grafiki RX 580, butuloda, yaani programu inayoiwasha macOS, ni OpenCore. Nikumbushe tu mana wapo watakaouliza, leseni ya macOS inaruhusu kuiweka kwenye kompyuta zenye chapa ya Apple, basi. Kampuni ya Psystar ya kule Florida iliuza mashine za namna hii, ikashtakiwa 2008 na 2009 mahakama ikaamua kwa upande wa Apple. Hii yangu ni ya nyumbani, na ukiingia huku ujue hamna wa kumpigia simu mambo yakigoma.

Haya, tuingie ndani. Kwenye mazabodi kuna chipu ndogo inaitwa kodeki, kazi yake ni kugeuza namba kuwa sauti na sauti kuwa namba. Yangu ni Realtek ALC887, utaikuta kwenye bodi nyingi sana za bei ya kati na ya chini. Chipu hiyo inaongea na chipuseti kwa utaratibu wa HD Audio ambao Intel waliutoa 2004 kuchukua nafasi ya AC'97. Uzuri wa HD Audio ni kwamba utaratibu ni mmoja kwa wote, kwa hiyo draiva ya Apple, AppleHDA, inajua kabisa kuongea na kodeki. Shida ni kwamba draiva hiyo haijui mtengenezaji wa bodi kaunganisha mguu gani na tundu gani. Ni kama nyumba iliyofungwa umeme tayari, luku ina yuniti, swichi zipo, taa zipo, ila fundi kaondoka na mchoro, huwezi jua swichi ipi ni ya chumba kipi. AppleHDA imebeba michoro ya Mac za Apple peke yake. Ya bodi yako haimo.

Hapo ndo inaingia AppleALC. Ni keksti, yaani kipande kinachoongezwa kwenye kiini cha macOS, ya kundi la Acidanthera, haohao wa OpenCore, na inapanda juu ya keksti nyingine inaitwa Lilu. Haibadilishi kitu kwenye diski. AppleHDA ikiwa inapanda kwenye memori AppleALC inaichomekea mchoro wa kodeki yako, mfumo unadhani mchoro ulikuwepo siku zote. Michoro hiyo inaitwa leiauti na kila moja ina namba. Kwa ALC887 peke yake zipo nyingi, 1, 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17 na kuendelea mpaka 99, kwa sababu kila aliyechangia alichora kwa bodi yake yeye.

Sasa kabla hujaanza kujaribu namba, jua kodeki yako kwanza. Usiamini boksi, na usiamini tovuti ya muuzaji, bodi ya jina moja inaweza kuwa na toleo jipya lenye kodeki nyingine. Njia ninayoipenda mimi ni kubuti Linux kwenye flashi bila kuinstoli, unafungua terminali unaandika

cat /proc/asound/card0/codec#0

Ukiona imekuletea kodeki ya HDMI, badilisha namba ya kadi. Juu kabisa utakuta jina na Vendor Id, yangu inasema 0x10ec0887. Ile 10ec ni Realtek, 0887 ndo kodeki. Ukiwa ndani ya macOS ukafungua IORegistryExplorer utakuta namba 283904135, usishtuke, ni ileile tu imeandikwa kwa mfumo wa kumi. Andika pia Revision Id, yangu 0x100302, mana leiauti nyingine zimewekewa revisheni maalum.

Ila utamu uko chini zaidi kwenye failo hilohilo. Linux inakuorodheshea nodi zote za kodeki, yaani vituo vya ndani yake, na kila nodi ya pini, ile inayoenda kwenye tundu, ina namba ndefu inaitwa Pin Default. Hiyo ndo habari aliyoiacha mtengenezaji wa bodi. Watu wanairuka kwa sababu inatisha kwa macho, na kumbe inasomeka kabisa. Chukua nodi 0x14 yenye 0x01014010. Soma kutoka kushoto: 01 ni mahali, yaani nyuma ya kesi. 0 inayofuata ni aina ya kifaa, hapo ni sauti ya kutoka. 1 ni jeki ndogo ya kawaida ya milimita 3.5. 4 ni rangi, kijani. 0 inayofuata iache. 1 ni kundi na 0 ya mwisho ni nafasi yake ndani ya kundi. Kwahiyo kwa herufi nane unaambiwa "nyuma, sauti inatoka, jeki ndogo, kijani". Nenda nodi 0x1b, 0x02214020: 02 ni mbele ya kesi, 2 ni hedifoni, jeki ndogo, kijani. Nodi 0x18, 0x01a19030: nyuma, a ni maiki, 9 ni pinki. Na nodi 0x1a ndo niliyokuwa naitafuta mimi, 0x0181303f: nyuma, 8 ni laini ya kuingia, 3 ni bluu.

Aisee nilipoisoma hiyo nodi 0x1a nikatulia moyo. Nilijua tundu lipo, waya upo, kodeki inalijua na rangi yake inaijua. Kilichobaki ni leiauti inayoitaja nodi hiyo, basi.

Na uzuri michoro ya AppleALC iko wazi kila mtu anaweza kuisoma, sio lazima ubahatishe. Kwenye folda ya kila kodeki kuna mafaili ya leiauti na ya njia, na kwenye Info.plist ya PinConfigs.kext kuna mistari ya pini iliyoandikwa kwa mtindo huu: 01471c10 01471d40 01471e01 01471f01. Hiyo ni ileile 0x01014010 ya nodi 14, imekatwa vipande vinne na kupangwa kinyumenyume, 10, 40, 01, 01. Sasa wewe fungua, tafuta mistari inayoanza na 01a, kwa kuwa nodi yako ya bluu ni 1a. Leiauti isiyo na 01a71c haina habari na pini hiyo, irushe pembeni. Mimi namba nyingi nilizitupa hivohivo bila hata kuristati mashine, zikabaki chache tu za kujaribu.

Upande wa OpenCore mambo ni haya. Lilu.kext na AppleALC.kext ziingie kwenye folda ya Kexts na kwenye config.plist, lile faili la mipangilio ya OpenCore, na Lilu iwe juu ya AppleALC, mpangilio huo una maana, ukigeuza AppleALC haitapanda. Kisha kwenye boot-args, mstari wa maagizo ya kubuti humohumo, weka alcid=1 uanze hapo. Ukiristati angalia mipangilio ya sauti, vifaa vya kutoa na vya kuingiza vyote viwili, jaribu kwa sikio, nenda namba inayofuata. Kwa kujaribu tumia alcid tu, usihangaike na kingine, mana inapokea namba ya kawaida na kuibadilisha ni sekunde. Kama unabadilisha na hakionekani kilichobadilika, safisha NVRAM, memori ndogo ya bodi inayotunza mipangilio, kwenye menyu ya OpenCore, kuna wakati inashikilia boot-args za zamani.

Ukishapata namba yako ndo unaihamishia sehemu ya kudumu ya config.plist, DeviceProperties, chini ya PciRoot(0x0)/Pci(0x1f,0x3), unaongeza layout-id aina ya Data, alafu alcid unaifuta. Anwani hiyo ni kwa chipuseti za Intel za 100 mpaka 300, kwa bodi za zamani zaidi ya hapo mara nyingi inakuwa Pci(0x1b,0x0). Na hapa watu wengi sana wanaanguka kwa sababu layout-id haitaki 11, inataka 0B000000. Namba inageuzwa kuwa ya mfumo wa kumi na sita, baiti nne, ndogo ikianza. 7 inakuwa 07000000, 99 inakuwa 63000000. Mtu anaandika 11000000 anadhani ni kumi na moja kumbe kaiambia AppleALC kumi na saba, sauti iliyokuwa inafanya kazi jana leo imepotea na anaanza kulaumu apdeti.

Kwangu namba iliyotulia ni 11. Nimeitaja kwa sababu najua mtauliza ila tafadhali usiichukue kama dawa, bodi yako ikiwa imefungwa tofauti haitakufaa, soma pini zako.

Sasa tofauti ya tundu la pinki na la bluu, hili nalieleza taratibu kwa sababu nimeona watu wanachomeka deki kwenye pinki wakisema "si yote yanaingiza sauti". Hapana. Tundu la maiki lina ampulifaya ya kukuza sauti ndogo sana na pia linatoa volti kidogo za kuilisha maiki. Deki ya kaseti inatoa mawimbi makubwa tayari, ukiyapitisha kwenye ampulifaya ya maiki yanapasuka, sauti inakuwa ya kukwaruza na hamna programu itakayoitengeneza baadae. Bluu haina hayo mambo. Nilichomeka deki, nikafungua Audio MIDI Setup, nikachagua laini ya kuingia, nikaweka 48000 Hz na biti 24, nikabonyeza play kwenye deki. Mishale ikaanza kucheza pande zote mbili, kushoto na kulia. Sauti ya mzee ikatoka anamwita mtu asogeze taa karibu. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo miaka mingi, nikaiacha kanda iende mpaka mwisho wa upande bila kugusa chochote.

Kuhusu ubora, wapo watakaosema ALC887 ni kodeki ya hali ya chini. Kwa kanda inatosha na kubaki. Karatasi ya Realtek inaipa desibeli 90 upande wa kuingiza, kanda ya kawaida isiyo na Dolby inakupa kama 50 na kitu hivi, yaani kelele utakayoisikia ni ya kanda yenyewe. Saa moja ya stereo kwa biti 24 na 48000 Hz inakula kama gigabaiti moja, kwahiyo kanda ya dakika 60 ni GB moja, jipange na diski. Ukisikia mvumo wa chini chini kama nyuki, mara nyingi ni mzunguko wa ethi kati ya deki na kompyuta, chomeka zote kwenye ekstensheni moja uone. Na usitumie matundu ya mbele kwa kazi hii, waya wake unapita ndani ya kesi karibu na kadi ya grafiki unabeba kelele zote za humo.

Kuna vikwazo viwili vingine nitavipitia haraka. Kama sauti inakuja ukiristati ila ukiwasha mashine kutoka baridi haiji, kodeki inachelewa kuamka, weka alcdelay=1000 kwenye boot-args, hiyo ni milisekunde, mwisho wake 3000. Na kuna mashine ambazo kila kitu kinaonekana kwenye orodha, mishale inacheza, ila kimya kabisa, hapo jaribu alctcsel=1. Sauti ya HDMI hiyo ni habari nyingine, inatoka kwenye kadi ya grafiki na haihusiani na kodeki hii, usichanganye ukaanza kubadili leiauti kwa sababu runinga haitoi sauti.

Wapo wanaoshauri VoodooHDA. Ni draiva tofauti kabisa, haiitumii AppleHDA, inajisomea pini yenyewe na mara nyingi itakupa mlio fasta. Kwa bodi yenye kodeki ambayo AppleALC haina leiauti yake, itumie, ina kazi yake. Ila nisingekushauri uanzie hapo kama una ALC887 au ALC892 au ALC1220, kodeki zenye leiauti tele, kwa kuwa nimesikia mikwaruzo na ujazo wa sauti usiotulia kwenye mashine zinazoitumia, na kwa kazi ya kurekodi hicho ndicho usichokitaka kabisa. Na habari ya kuchukua folda ya EFI, ile yenye OpenCore na mipangilio yake, ya mtu mwingine nzima nzima naipinga kwa moyo wote. Inaweza kubuti, ndio, lakini siku ikigoma hujui ndani kuna nini na kwa nini kimewekwa.

Mwisho nizungumzie Tahoe mana ndo swali la kila mtu sasa hivi. macOS 26, iliyotoka Septemba 2025, haina AppleHDA. Imeondolewa. Na ukiangalia sababu inaeleweka: Mac za Intel zilizobaki kwenye orodha ya Tahoe zote zina chipu ya T2, na kwenye hizo sauti inapitia T2, kwahiyo Apple hawana tena mashine inayoihitaji draiva hiyo. Kwetu sisi maana yake ni kwamba AppleALC inapanda inakuta hamna wa kumchomekea ramani. Unaweza kurudisha AppleHDA kwa kupachika kiraka kwenye sistemu yenyewe, lakini inabidi ulegeze SIP, ulinzi unaozuia mafaili ya sistemu yasiguswe, muhuri wa sistemu unavunjika, apdeti inakuja kama instola nzima badala ya kipande kidogo, na ikishaingia kiraka unapachika upya. Tena Apple walishasema Juni 2025 kwamba Tahoe ndo ya mwisho kwa Intel, yaani kazi yote hiyo ni kwa toleo moja lisilo na mrithi.

Kwa anayetaka kusikiliza tu, Tahoe na kiadapta cha USB kinatosha, sauti ya USB ina draiva yake na haikuguswa. Kwa mwenye kazi ya kuingiza sauti kama mimi ushauri wangu ni baki Sequoia, toleo lililotangulia Tahoe, zima apdeti za kujiendesha zenyewe, na weka nakala ya EFI inayofanya kazi kwenye flashi pembeni, flashi ambayo hutaitumia kwa kitu kingine. Yangu nimeiandika jina kwa maka peni na iko kwenye boksi moja na kanda ambazo bado sijaziingiza, nikimaliza za maulidi naanza za harusi.